Vepu na fizi: ugonjwa usiotoa damu

Anayevuta vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ana hoja zake, na si hoja za kipuuzi. Hawashi moto, hana majivu, nguo hazinuki, na meno yake hayajageuka kahawia kama ya mzee aliyevuta sigara miaka thelathini. Asubuhi akipiga mswaki anatema povu jeupe lisilo na hata chembe ya damu. Mwambie kwamba kile kifaa kilichoko mfukoni kinamharibia fizi, atakuuliza kinaziharibu vipi wakati kioo kinamwonyesha fizi zilizotulia, hazijavimba wala haziumi. Swali ni la haki. Jibu lake limechanganyika: yamo yaliyothibitika, yamo yanayoshukiwa, na yamo yanayotangazwa kwa sauti kubwa kuliko ushahidi uliopo. Tuyatenganishe.

Ufizi haujashikana na jino mpaka ukingoni kabisa. Pale juu pana kijifereji kinacholizunguka jino zima, na kwenye kinywa chenye afya kijifereji hicho huingia chini milimita 1 hadi 3 tu. Daktari wa meno hukipima kwa chuma chembamba chenye ncha butu, kilichochorwa mistari ya milimita. Hukichomeka polepole kandokando ya jino, mara tatu upande wa nje na mara tatu upande wa ndani, huku akitaja namba na msaidizi wake akiandika: mbili, tatu, mbili, tatu, tatu, tano. Kwenye ile tano husimama, akapima tena. Kuanzia milimita 4 kijifereji kimeshaanza kuwa mfuko, na ndani ya mfuko mswaki haufiki. Akishachomoa chuma, husubiri sekunde kadhaa aone kama damu itapanda.

Kinachochimba mfuko huo ni ukoga, ule utando laini wa bakteria unaousikia kwa ulimi ukiamka asubuhi. Usipoondolewa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki hata usugue namna gani. Mwili nao haukai kimya. Hupeleka damu na seli za kinga mahali pale, ufizi ukawa mwekundu, ukavimba, ukatoka damu kwa kuguswa tu. Katika hatua hiyo mtu akisafishwa meno na kuzingatia usafi, ufizi unapona kabisa. Akiuachia, uvimbe hushuka chini ukaanza kula nyuzi zinazolishika jino pamoja na mfupa wa taya unaolibeba, na mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 ilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 1 wana ugonjwa wa fizi uliofikia hatua kali. Walio wengi kati yao hawajawahi kugusa vepu, na hilo tusilisahau: vepu imeukuta ugonjwa huu, haikuuleta.

Sasa tuje kwenye damu, maana hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Ufizi wenye uvimbe hutoka damu kwa sababu mishipa yake midogo imetanuka na kujaa. Nikotini inafanya kinyume chake: inaibana mishipa hiyo. Madaktari wa meno wamelijua jambo hili kwa wavuta sigara kwa miongo mingi. Mvuta sigara anaweza kuwa na mifuko mirefu na mfupa uliokwisha kuliwa, lakini fizi zake zikawa na rangi iliyopauka, ngumu, na damu haba. Ni kama ukuta unaovuta maji kwa ndani halafu fundi akaupaka rangi mpya: mgeni akiingia anasifu nyumba. Mgonjwa wa aina hii humfikia daktari akiwa amechelewa, mara nyingi kwa sababu jino limeanza kucheza, na anashangaa kwa dhati kwamba hakuwahi kuona dalili.

Nikotini iliyomo kwenye vepu ni ileile. Tofauti ni kipimo na namna inavyoingia. Vifaa vingi vya kisasa vinatumia nikotini iliyochanganywa na asidi, ambayo ni laini kooni, kwa hiyo mtu anaweza kuvuta kiwango kikubwa bila kukohoa. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza zimeweka kikomo cha miligramu 20 kwa kila mililita ya kimiminika. Ukiona kifaa kimeandikwa 5%, hapo unazungumzia takriban miligramu 50, mara mbili na nusu ya kikomo hicho. Tena sigara ina mwisho wake, ikiungua imekwisha, ilhali vepu inavutwa kidogokidogo kutwa nzima: kitandani, kwenye foleni, mbele ya kompyuta, hata kabla mtu hajapiga mswaki. Ufizi hauachwi upumue.

Nikotini haifichi tu. Inazipunguzia nguvu baadhi ya seli za kinga, na inazidumaza zile seli za ufizi zinazotengeneza nyuzi na kuziba vidonda. Ndiyo maana madaktari hawapendi kumpandikiza jino bandia mgonjwa anayetumia nikotini: kidonda chake hupona polepole na mfupa hushika kwa shida.

Mambo yanaanza kuwa magumu tukitaka kujua vepu yenyewe inafanya nini, ukiacha sigara ambazo mtu alivuta zamani. Mfano mzuri ni utafiti mdogo uliofanyika London na kuchapishwa 2016. Wafanyakazi 20 wa hospitali moja waliokuwa wakivuta sigara waliombwa waziache kwa wiki mbili, wavute vepu badala yake. Baada ya wiki hizo mbili, fizi zao zilitoka damu zaidi kuliko mwanzo. Anayeipinga vepu atasema: umeona, imezichokoza fizi. Anayeitetea atasema: hapana, damu ilikuwa imezuiwa na moshi wa sigara, sasa mishipa imeanza kufunguka na uvimbe uliokuwepo siku zote umejionyesha. Wote wawili wanatazama matokeo yaleyale. Utafiti wa watu 20 kwa wiki mbili hauwezi kuwaamua, na watafiti wenyewe waliuita wa majaribio. Ukikutana na habari yenye kichwa cha kutisha iliyosimama juu ya utafiti wa namna hii, au tangazo la biashara lililosimama juu yake, jua kila mmoja amechukua nusu inayomfaa.

Je, vepu isiyo na nikotini? Hapa kuna utafiti ambao kwangu una uzito kuliko mwingine wowote. Ulifanywa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, ukiongozwa na Profesa Purnima Kumar, ukachapishwa 2020. Walichukuliwa watu 123 ambao bado hawakuwa na ugonjwa wa fizi: wavuta sigara, wavuta vepu, waliohama kutoka sigara kwenda vepu, wanaotumia vyote viwili, na wasiotumia chochote. Watafiti wakachota ukoga wa chini ya ufizi na kusoma vinasaba vya bakteria waliomo. Kwa wavuta vepu, hata wale waliokuwa hawajamaliza mwaka, jamii ya bakteria ilikuwa imeshabadilika, ikabeba alama zinazofanana na za watu wenye ugonjwa mkali wa fizi. Bakteria walikuwa wamejifunika kwa utando mzito wa utelezi, na utando wa namna hiyo huwasumbua askari wa mwili, wakawa hawawafikii kirahisi.

Kilichowashtua wengi ni kwamba nikotini ilikuwepo au haikuwepo, mabadiliko yalikuwa yaleyale. Kidole kilielekezwa kwenye kimiminika chenyewe. Mvuke wa vepu, kwa sehemu yake kubwa, ni propilini glikoli na gliserini. Vitu hivyo hutumika kwenye chakula na dawa, na hapo ndipo wauzaji wanaposhika neno "salama". Lakini kumeza ni jambo moja, na kuupaka ufizi mvuke wa moto mara mia kwa siku ni jambo jingine. Kwa bakteria, gliserini ni lishe. Kumbuka pia hao 123 hawakuwa wagonjwa. Utafiti ulionyesha ardhi iliyotayarishwa, haukuonyesha mfupa ulioliwa. Wapo wanaoruka pengo hilo wakatangaza kwamba imethibitika vepu isiyo na nikotini inang'oa meno. Hapana, haijafika huko.

Ukikifungua kifaa kilichotumika utaona mambo vizuri zaidi. Ndani mna kipande cha pamba kilicholowa kimiminika, kimezungushiwa waya mwembamba. Betri hupeleka umeme, waya ukapata moto, kimiminika kikawa mvuke. Kifaa kipya kina pamba nyeupe. Kilichotumika wiki kadhaa kina pamba iliyoungua, kahawia kuelekea weusi, na waya ulioganda masizi ya sukari na fleva. Mvutaji anaijua hali hiyo kwa ladha ya kuungua inayomkwaruza koo. Joto linapozidi, gliserini na mwenzake huvunjika na kutoa formaldehaidi, asetaldehaidi na akrolini, kemikali zinazochoma nyama laini ya kinywa. Waya nao huachia chembe za metali kama nikeli na kromu. Kiasi cha kemikali hizo kwa kawaida ni kidogo kuliko kwenye moshi wa sigara, ila kinapanda kadiri mtu anavyoongeza nguvu ya kifaa na anavyokawia kubadilisha waya.

Kuhusu athari za mvuke kwa seli za ufizi, namba inayotajwa sana inatoka Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, 2016. Timu ya Mahmoud Rouabhia iliziweka seli za ufizi wa binadamu kwenye kichumba kidogo na kuzipulizia mvuke dakika 15 kwa siku. Kwa kawaida seli zilizokufa au zinazokufa huwa kama asilimia 2. Siku ya kwanza zilifika 18, ya pili 40, ya tatu 53. Zinatisha, na si za kupuuzwa. Lakini seli kwenye kichumba hazina mate yanayozisuuza, hazina damu inayozilisha, na hazina seli changa zinazopanda kuziba pengo. Mtu hapotezi nusu ya ufizi wake kwa siku tatu za kuvuta vepu, la sivyo tungeona vijana vibogoyo kila kona. Namba hizo zinatuambia njia ambayo madhara yanaweza kupitia. Mwendo wake ndani ya kinywa cha mtu hazituambii.

Kwa watu wenyewe, kazi kubwa imefanywa na Chuo cha Meno cha Chuo Kikuu cha New York, timu ya Deepak Saxena na Xin Li. Mwaka 2020 walitoa matokeo ya watu 119. Waliokutwa na ugonjwa wa fizi walikuwa asilimia 72.5 ya wavuta sigara, asilimia 42.5 ya wavuta vepu, na asilimia 28.2 ya wasiovuta. Tukizishusha hizo desimali, ni watu 29 kati ya 40, watu 17 kati ya 40, na watu 11 kati ya 39. Mpangilio unaeleweka, vepu imekaa katikati, ila tofauti ya vepu na wasiovuta ni ya watu sita. Mwaka 2022 wakaja na kazi nyingine, ambayo ina faida ya kuwafuata watu kwa miezi sita badala ya kuwatazama siku moja. Walikuwa 84, wote wakiwa na dalili za ugonjwa wa fizi tangu mwanzo. Wapo walioharibikiwa zaidi katika kila kundi, lakini jinsi ufizi ulivyoachana na jino ilizidi kwa kiwango cha kuhesabika kwa wavuta vepu peke yao. Wavuta sigara walikuwa na hali mbaya zaidi tangu siku ya kwanza. Wavuta vepu ndio waliokuwa wakiteremka.

Kwa nini basi hakuna anayepiga meza na kusema kesi imekwisha? Sababu ya kwanza ni muda. Ugonjwa wa fizi hula mfupa kwa miaka, na vepu ni kitu cha juzi: mfamasia Mchina Hon Lik aliibuni 2003, na vile vidogo vyenye nikotini kali vilitapakaa baada ya 2015. Ya pili ni kwamba watu wazima wengi wanaovuta vepu walikuwa wavuta sigara au bado wanavuta. Ukimkuta mtu wa miaka 45 ana mfuko wa milimita 6, utajuaje kama ni vepu ya miaka mitatu au sigara za miaka ishirini? Ya tatu, watafiti wanategemea mtu aseme mwenyewe anavuta kiasi gani, na vepu haihesabiki kama sigara. Wapo wanaovuta wikendi tu, wapo wasioitoa mkononi. Wote wanaandikwa "mvuta vepu".

Panaposhindaniwa zaidi ni kwenye kulinganisha na sigara. Mwaka 2015 taasisi ya afya ya jamii ya Uingereza ilisema vepu ina madhara pungufu kwa asilimia 95 kuliko sigara, na maneno hayo yamekuwa kama kibali cha kila muuzaji. Makadirio hayo yalitoka kwenye maamuzi ya jopo la wataalamu walioyapima madhara kwa ujumla wake, si kwa kupima fizi za watu. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, una lami na gesi yenye sumu ya monoksidi ya kaboni, na vepu haina moto wa kuzitoa zote hizo. Kwa mapafu na moyo wa mvuta sigara sugu, kuhama ni nafuu, na mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti nyingi za tiba, yameona kwamba vepu yenye nikotini inawasaidia watu kuacha sigara kuliko plasta na pipi za nikotini. Hayo nayakubali bila kigugumizi. Ila ufizi uko mlangoni. Ndio unaopokea mvuke wa kwanza, ukiwa wa moto, kabla hata haujafika kooni, na nikotini inayouumiza haikuondolewa. Nafuu ya asilimia 95 haiwezi kuhamishiwa kinywani hivihivi.

Zaidi ya hapo, hesabu hiyo ni ya mtu aliyekuwa akivuta sigara. Kijana wa chuo aliyeanza na fleva ya embe na hajawahi kushika sigara maishani hana alichopunguza. Wa kulinganishwa naye ni mwenzake asiyevuta kitu, yule wa asilimia 28.2 katika utafiti wa New York.

Kuna ukavu pia. Propilini glikoli inavuta maji, na anayevuta sana anaujua ule mdomo mkavu unaomfanya atembee na chupa. Mate ndiyo yanayosuuza na kupoza asidi. Yakipungua, ukoga unashamiri. Fleva tamu zikiongezwa juu yake, meno nayo yamo hatarini. Utafiti mmoja wa maabara wa 2018 uliona bakteria wa kutoboa meno wakinata mara nne zaidi kwenye jino lililopuliziwa mvuke wenye fleva tamu. Kama kilichomo kwenye chupa hiyo ni soda, ongeza hapo.

Afrika Mashariki hatuko sawa kisheria. Uganda ilipiga marufuku vepu pamoja na shisha kwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015. Kenya ilipiga marufuku shisha mwishoni mwa 2017, lakini vepu zimeendelea kuuzwa, na mjadala wa kurekebisha sheria yake ya tumbaku ya 2007 ili iziguse umekuwa mrefu. Wale walioko Uingereza wameona vepu za kutumia na kutupa zikipigwa marufuku kuanzia 1 Juni 2025, ingawa za kujaza zipo. Na kuna vile vifuko vya nikotini vinavyobanwa kati ya mdomo na ufizi. Havina mvuke, ni kweli, lakini vinailaza nikotini juu ya ufizi uleule kwa nusu saa nzima. Anayehama kutoka vepu kwenda vifuko kwa ajili ya fizi zake amekimbilia palepale.

Jambo linaloniudhi kidogo liko kliniki. Mwongozo wa kimataifa wa kuupanga ugonjwa wa fizi, uliotolewa 2018, unamtaka daktari azingatie uvutaji anapokadiria kasi ya ugonjwa: asiyevuta, anayevuta sigara chini ya 10 kwa siku, anayevuta 10 au zaidi. Vepu haimo. Mtu akiulizwa "unavuta sigara?" anajibu "hapana", kwa ukweli kabisa, na anaandikwa kwenye safu ya wasiovuta. Halafu daktari anaona damu kidogo, anafarijika. Kwa hiyo itaje mwenyewe: vepu, nguvu ya nikotini, na tangu lini. Omba kila jino lipimwe kwa kile chuma chenye milimita, na kama kuna mfuko, ipigwe eksirei ya kuonyesha mfupa. Mwenye kisukari asisubiri aulizwe kabisa, maana kisukari na ugonjwa wa fizi vinachocheana.

Anayeamua kuacha ajiandae kwa jambo moja linalowarudisha wengi nyuma. Damu inaweza kuanza kutoka baada ya kuacha. Kwa wavuta sigara hili lilipimwa: katika utafiti uliochapishwa 2003, sehemu za fizi zilizotoka damu ziliongezeka kutoka asilimia 16 hadi 32 ndani ya wiki 4 hadi 6 baada ya kuacha, ingawa watu walikuwa wakisafisha meno vizuri kuliko awali. Ni mishipa iliyobanwa na nikotini inayofunguka, na hakuna sababu ya kutarajia kwamba nikotini ya vepu itafanya vingine. Usiache mswaki kwa kuogopa damu hiyo, wala usiirudie vepu kwa sababu "ilikuwa inazituliza fizi". Kakwanguliwe ugaga wakati huohuo, na kama kiu ya nikotini inakushinda, plasta ya ngozi haipiti kinywani. Damu inayoendelea miezi miwili mitatu baada ya kusafishwa, hiyo rudi nayo kwa daktari.